Maswali ya Wasomaji: Kofilini ya Binadamu Kwenye Meza ya Maabara

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu kofilini, protini ndogo inayoshikamana na nyuzi za aktini na kuzikata, na hasa ile kofilini ya binadamu inayotengenezwa kwa bakteria na kuuzwa ndani ya vichupa kwa ajili ya utafiti. Tunaanza na swali la msomaji asiyefanya kazi maabara, kisha tunaingia kwenye maswali ya wale ambao tayari wana kichupa mkononi.

Katika orodha ya bidhaa za maabara nimekuta maneno "kofilini-1 ya binadamu, rekombinanti". Je, protini hiyo imetolewa katika mwili wa mtu? Na ina kazi gani hata watu wainunue?
*Mwalimu wa biolojia*

Hapana, Mwalimu, hakuna mtu aliyetolewa chochote. Kilicho cha binadamu hapo ni maelekezo tu, yaani mfuatano wa jeni iitwayo CFL1, ambayo kwa binadamu iko kwenye kromosomu ya 11. Nakala ya jeni hiyo hupachikwa ndani ya plasmidi, yaani duara dogo la DNA, plasmidi ikaingizwa katika bakteria wa aina ya Escherichia coli, na bakteria hao wakishaongezeka vya kutosha huchochewa kuisoma jeni hiyo na kutengeneza protini ambayo wao wenyewe hawana haja nayo. Baadaye hupasuliwa, na protini inayotakiwa hutenganishwa na umati wa protini za bakteria; protini iliyopatikana hivyo ndiyo huitwa rekombinanti. Ni mbinu ya ukoo mmoja na ile iliyowezesha insulini ya binadamu kutengenezwa na bakteria na kuidhinishwa kuwa dawa nchini Marekani mwaka 1982, ingawa kofilini tunayoizungumzia si dawa na haikuandaliwa kwa kiwango cha dawa.

Ili kuielewa kazi yake ni lazima tuanze na aktini. Protini hiyo ilitenganishwa na Brunó Straub katika maabara ya Albert Szent-Györgyi mjini Szeged, Hungaria, na matokeo yake yakatolewa mwaka 1942. Wakati huo ilijulikana kuwa protini ya misuli, lakini leo tunajua kwamba imo katika takriban kila seli yenye kiini. Molekuli moja ya aktini ina asidi amino 375 na uzito wa kilodaltoni 42 hivi, na molekuli nyingi zikiungana huwa uzi mwembamba wa safu mbili zilizosokotana. Seli inayotambaa husukuma ukingo wake wa mbele kwa kurefusha nyuzi hizo, lakini haiwezi kuendelea kuzirefusha bila kuzibomoa zile kongwe, kwa kuwa aktini iliyomo ndani yake ina kikomo. Hapo ndipo kofilini inapohitajika: hujipachika kwenye sehemu za uzi zilizozeeka, hubadilisha msokoto wake, na uzi hukatika.

Mwaka 1980 watafiti walieleza kitu kinachobomoa aktini kilichotoka katika ubongo wa vifaranga, wakakiita ADF, na mwaka 1984 watafiti wa Japani walieleza kofilini waliyoipata katika ubongo wa nguruwe. Baadaye ilibainika kwamba hizo mbili ni ndugu. Binadamu ana tatu za ukoo huo: kofilini-1 iliyoenea katika tishu nyingi, kofilini-2 inayopatikana zaidi katika misuli, na ADF yenyewe, ambayo pia huitwa destrini. Kofilini-1 ina asidi amino 166 na uzito wa kilodaltoni 18.5 hivi. Watu huinunua kwa sababu kuichunguza ndani ya seli hai, ambamo mamia ya protini nyingine zinaigusa aktini kwa wakati mmoja, ni vigumu sana, ilhali ndani ya mrija wenye aktini na kofilini peke yake jambo moja linaweza kuulizwa na jibu lake likaonekana.

Karatasi ya maelezo iliyokuja na kofilini yetu inasema usafi unazidi asilimia 90, kwamba kuna mkia wa histidini sita mwanzoni mwa protini, na kwamba bafa (kimiminika cha kuitunzia protini) ina chumvi na gliseroli. Msimamizi wangu anaona hayo yanatosha. Wewe unaonaje?
*Mwanafunzi wa uzamili*

Kwa heshima zote kwa msimamizi wako, mimi ningeuliza mambo zaidi kabla ya kufungua kichupa.

Asilimia hiyo ya usafi kwa kawaida hupatikana kwa kupitisha protini kwenye jeli ya SDS, ambayo huzitenganisha protini kwa ukubwa wake, kuipaka rangi, na kupima ni sehemu gani ya rangi yote iliyo katika mstari wa protini husika. Jeli hiyo huiyeyusha protini ikapoteza umbo lake kabisa, kwa hiyo haiwezi kukueleza kama protini ilikuwa imejikunja vizuri au ilikuwa imeharibika. Kofilini iliyokufa na kofilini iliyo hai hutoa mstari uleule. Tena kofilini haina kazi ya kimeng'enya inayoweza kupimwa kwa dakika chache na kuandikwa kuwa "yuniti" kadhaa kwa miligramu. Uhai wake unajulikana kwa kuikutanisha na aktini tu.

Kuhusu mkia, hapa jambo ni zito kidogo. Histidini sita, ambazo ni asidi amino, huwekwa ili protini inase kwenye safu yenye nikeli wakati wa kusafishwa, na kwa protini nyingi haijalishi sana mkia umekaa mwanzoni au mwishoni. Kwa kofilini inajalisha. Mnyororo wake huanza na asidi amino methionini, alanini, serini, na serini hiyo ya tatu ndiyo swichi ambayo seli hutumia kuizima. Eneo hilo la mwanzo pia limo katika sehemu inayoigusa aktini. Mkia wa histidini pamoja na kiungo chake, ambao mara nyingi hufikia asidi amino 20 hivi, ukibandikwa hapo, unaweza kuingilia mshikamano wenyewe. Sisemi kwamba kofilini ya namna hiyo haifanyi kazi, lakini siwezi kuikubali kama kipimo cha nguvu ya mshikamano bila kuilinganisha na ile isiyo na mkia. Kama muuzaji anayo iliyokatwa mkia, au yenye mkia mwishoni, chagua hiyo, na uulize ni asidi amino ngapi za ziada zilizobaki baada ya kukata.

Jambo la bafa hupuuzwa mno, na hesabu yake ni rahisi. Kofilini ya miligramu 1 kwa mililita ni sawa na maikromola 54 hivi kwa lita. Ukitaka maikromola 1 katika mchanganyiko wa maikrolita 100, utachukua chini kidogo ya maikrolita 2, na kama bafa ya kuhifadhia ina chumvi ya milimola 150, utakuwa umeingiza milimola 3 tu za chumvi. Lakini kama kichupa chako kina miligramu 0.1 kwa mililita, utalazimika kuweka maikrolita 18.5, na chumvi itafikia karibu milimola 28. Aktini iliyo katika molekuli moja moja hutunzwa katika bafa isiyo na chumvi nyingi kwa makusudi, maana chumvi ndiyo inayoiamuru iungane kuwa nyuzi. Hapo utaona mabadiliko, utayaandika kwa jina la kofilini, kumbe ni kazi ya chumvi. Kwa hiyo kila jaribio liwe na sampuli linganishi iliyowekewa bafa tupu ya kuhifadhia, kwa ujazo uleule, bila protini.

Usisahau pia kuongeza uzito wa mkia unapobadilisha miligramu kuwa maikromola. Kosa lake ni dogo, asilimia 10 hivi, lakini litajitokeza katika kila hesabu inayofuata.

Niliweka kofilini katika nyuzi za aktini zenye pireni, na mng'ao ukashuka papo hapo, ndani ya sekunde chache. Nikaandika kwamba kofilini yetu inabomoa aktini kwa kasi kubwa. Mwenzangu anapinga. Nani yuko sahihi?
*Mtafiti chipukizi*

Mwenzako ana haki ya kupinga, na swali lako ndilo lililonifanya niipe kofilini safu nzima.

Kwa wasomaji wengine: pireni ni kemikali inayobandikwa kwenye aktini, na mng'ao wake huwa hafifu aktini ikiwa molekuli moja moja, kisha hupanda mara nyingi aktini inapojiunga kuwa nyuzi. Huangaziwa kwa mwanga wa nanomita 365 na mng'ao husomwa karibu na nanomita 407. Kwa protini nyingi tafsiri ni nyepesi, yaani mng'ao ukishuka, nyuzi zimepungua. Kofilini inaivuruga tafsiri hiyo, kwa sababu inaposhikamana na uzi wenye pireni huuzima mng'ao hata kama uzi haujapoteza molekuli moja. Mporomoko wa sekunde za mwanzo, basi, kwa sehemu kubwa unaweza kuwa ni dalili ya kushikamana, na ubomoaji, kama upo, utaonekana katika mteremko wa polepole unaofuata.

Njia ya kutenganisha mambo haya mawili ni ya zamani na bado ni nzuri. Chukua mchanganyiko uleule, uzungushe kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 100,000 g au zaidi, kisha pitisha mashapo na kimiminika cha juu kwenye jeli, kila kimoja katika njia yake. Nyuzi huzama na molekuli moja moja hubaki juu. Katika mashapo utaona mstari wa aktini kwenye kilodaltoni 42, na chini yake mstari mwembamba wa kofilini kwenye kilodaltoni 19 au 20, kutegemea mkia. Ikiwa aktini karibu yote bado iko kwenye mashapo na kofilini imezama pamoja nayo, ulichokiona kwenye kipima mng'ao ni mshikamano. Ikiwa aktini imehamia juu, hapo kuna ubomoaji. Mipaka ya kipimo hiki nayo ijulikane, kwani vipande vifupi mno vya uzi huweza kubaki juu visizame vyote.

Kabla hujalaumu protini, tazama pia kiwango cha asidi (pH) cha bafa yako. Mwaka 1985 ilionyeshwa kwamba kofilini katika pH 6.8 hushikamana na nyuzi bila kuzibomoa sana, ilhali pH ikizidi 7.3 huzibomoa. Watu wawili wanaotumia kichupa kimoja, mmoja kwa pH 6.8 na mwingine kwa pH 8, watapata jeli zisizofanana hata kidogo, na wote wawili watakuwa wamepima vizuri.

Umri wa nyuzi una uzito vilevile. Aktini huingia kwenye uzi ikiwa na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ambayo hukatwa upesi ikawa ADP pamoja na fosfeti, na fosfeti hiyo hutoka polepole, nusu yake kwa dakika 6 hivi. Kofilini hupendelea sehemu ambazo fosfeti imekwisha kutoka. Ukiiweka kwenye nyuzi zilizoundwa sasa hivi utaona uvivu ambao hautauona kwenye nyuzi zilizolala saa kadhaa. Kwa sababu hiyohiyo ningeepuka bafa yenye fosfeti nyingi katika jaribio lenyewe, maana fosfeti iliyo kwenye maji hurudi kukaa mahali pake kwenye uzi na kuipunguzia kofilini nafasi. Wako wanaofanya kila kitu katika bafa ya fosfeti kwa mazoea tu, kisha wanailaumu protini.

Bado kuna suala la kiasi, na hili ndilo linalowashangaza wengi. Mtu hutarajia kwamba kofilini ikiongezwa, ukataji utaongezeka. Sivyo. Kofilini hukaza msokoto wa uzi, kiasi kwamba mzunguko kutoka molekuli moja hadi inayofuata hupungua kutoka digrii 167 hadi 162 hivi, na uzi hukatika hasa kwenye mpaka kati ya sehemu iliyofunikwa na kofilini na sehemu iliyo tupu. Kofilini ikiwa chache, mipaka ni mingi na mikato ni mingi. Ikiwa nyingi hadi uzi wote ukafunikwa, mipaka hutoweka na uzi hutulia. Ikizidi zaidi, kofilini huweza hata kusaidia nyuzi mpya kuanza. Ndiyo maana jaribio la kiwango kimoja tu cha kofilini halisemi mengi. Jaribu viwango kadhaa, kuanzia sehemu ndogo ya wingi wa aktini hadi kuuzidi.

Nyongeza moja kwa wale wanaotazama kwa hadubini: usitegemee faloidini yenye rangi, sumu ya uyoga inayoshikamana na nyuzi za aktini, kuonyesha nyuzi zilizofunikwa na kofilini. Faloidini na kofilini hazikai vizuri pamoja kwenye uzi mmoja, na uzi usioonekana unaweza kuwa bado upo. Ni afadhali kutumia aktini ambayo yenyewe imebandikwa rangi.

Nataka kuchunguza jinsi kofilini inavyozimwa kwa fosfeti. Je, naweza kununua hii ya bakteria nikaitumia moja kwa moja?
*Mtafiti wa seli za neva*

Ndiyo, na kwa kazi hiyo bakteria wanakusaidia badala ya kukukwamisha. Katika seli za binadamu kofilini hupigwa fosfeti kwenye serini ya 3 na vimeng'enya vya LIM-kinasi, jambo lililoelezwa mwaka 1998, na huondolewa fosfeti hiyo na vimeng'enya vingine, vikiwemo slingshot na chronophin. Bakteria wa E. coli hawana LIM-kinasi, kwa hiyo kofilini yao hutoka ikiwa haijazimwa. Unaanza na protini iliyo wazi, unaongeza kinasi na ATP, kisha unalinganisha.

Hapa ndipo onyo la mkia linarudi kwa nguvu zaidi. Ukiwa na mkia mwanzoni, serini hiyo haiko tena ya tatu kutoka mwanzo wa mnyororo, hata kama kila mtu anaendelea kuiita ya 3, na kingamwili iliyotengenezwa kutambua mwanzo halisi wa kofilini yenye fosfeti huenda isiitambue. Nunua isiyo na mkia.

Wengine hutumia kofilini iliyobadilishwa serini hiyo kuwa glutamati au aspartati ili kuiga fosfeti, au kuwa alanini ili isizimike kamwe. Ile ya alanini ni ya kuaminika. Zile za kuiga fosfeti zichukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu glutamati ina chaji hasi moja ilhali fosfeti katika pH ya seli huwa na karibu mbili. Jambo lingine: katika seli zetu methionini ya mwanzo huondolewa na alanini inayofuata huwekewa kundi la asetili. Bakteria huiondoa methionini katika kofilini isiyo na mkia, lakini asetili hawaiweki.

Nikiimimina kofilini hii juu ya seli zangu za saratani kwenye sahani, je, zitaacha kutambaa? Na kama ni hivyo, kwa nini isijaribiwe kwa wagonjwa?
*Msomaji*

Protini ya ukubwa huu haipiti kwenye utando wa seli kwa kumiminwa tu, na aktini unayoitaka iko ndani. Ukiona seli zimebadilika, shuku kwanza endotoksini, mabaki ya ukuta wa bakteria ambayo hata kwa kiasi kidogo sana huamsha seli za kinga na nyingine kadhaa. Kuifikisha ndani kunahitaji sindano ya hadubini au kuingiza jeni yenyewe.

Kuhusu wagonjwa, jibu ni hapana bila mzunguko. Vichupa hivi huandikwa kuwa ni vya utafiti tu, havikupimwa usalama wake kwa mwili. Kofilini pia si adui wala rafiki wa saratani kwa ujumla, kwani seli inayotambaa huihitaji iwashwe na kuzimwa kwa zamu. Inapovurugika madhara ni halisi: kasoro katika jeni ya kofilini-2 huleta aina ya ugonjwa wa kurithi wa udhaifu wa misuli, na seli za neva zinapoishiwa ATP, kofilini na aktini hujifunga pamoja kuwa vijiti vinavyoziba njia ndani ya mikia ya seli hizo. Hayo ndiyo mambo ambayo kichupa hiki kinasaidia kuyaelewa.

Tuna kofilini ya binadamu, lakini aktini tuliyo nayo ni ya misuli ya sungura. Je, tunaweza kuzichanganya?
*Fundi wa maabara*

Mnaweza. Aktini ya misuli ya mifupa ya sungura ina mfuatano wa asidi amino ulio sawa kabisa na wa binadamu, kwa hiyo hofu ya kuchanganya viumbe haina msingi. Tofauti inayofaa kuangaliwa ni nyingine: kofilini-1 katika seli zisizo za misuli hukutana zaidi na aktini za aina ya beta na gama, ambazo hutofautiana na ile ya misuli kwa asidi amino chache. Kwa mafunzo na kwa kupima uhai wa protini, ya sungura inatosha. Kwa nambari mtakazozichapisha kuhusu seli za kawaida, tafuteni aktini isiyo ya misuli.

Kofilini yetu ilifanya kazi vizuri mwanzoni, sasa haifanyi. Iko kwenye friji ya kawaida. Tufanye nini ili mzigo mpya usiharibike?
*Mwanafunzi wa uzamivu*

Kofilini ya binadamu ina sisteini nne, asidi amino zenye salfa, na zikikosa kinga huungana kwa salfa, ndani ya molekuli moja au kati ya mbili. Pitisha sampuli yako kwenye jeli mara mbili, mara moja ikiwa na ditiothreitoli, kemikali inayovunja viungo hivyo vya salfa, na mara moja bila. Ukiona mstari wa karibu kilodaltoni 38 katika ile isiyo nayo, na mstari huo ukatoweka katika ile yenye nayo, protini imeoksidika.

Mzigo mpya ukifika, uyeyushe mara moja tu juu ya barafu, uzungushe kwa dakika chache ili kuondoa mabonge, pima ukolezi wake upya badala ya kuamini lebo, kisha ugawe katika vimirija vidogo vya matumizi ya siku moja, ugandishe haraka na uweke kwenye nyuzijoto 80 chini ya sifuri. Ditiothreitoli iongezwe mpya siku ya jaribio, kwa sababu nayo huchakaa ndani ya bafa. Kimirija kilichoyeyuka kisirudishwe kwenye friza. Na kabla hamjamaliza mzigo wa zamani ulio hai, upimeni sambamba na mpya kwa sentrifuji siku moja, kwa aktini moja na pH moja, muandike namba za uzalishaji za vichupa vyote viwili kando ya picha ya jeli.